Ushuhuda wa Mashini: maneno juu ya sinema «Mr Bates vs The Post Office»



Siku moja, kiisha somo la morali, fratri mmoja aliniuliza: «Padri, mashini yaweza kusema uwongo?» Wenzake wakacheka. Nami nikamjibu upesi: «Hapana. Kusema uwongo ni tendo la mwenye akili na mapenzi. Mashini haina akili wala mapenzi.» Jibu lilikuwa sawa, jinsi tulivyofundishwa. Lakini jioni ile sikutulia nalo. Maana juma lililotangulia nilikuwa nimetazama sinema moja ya Waingereza, na ndani yake niliona watu wazima, watu wenye heshima katika vijiji vyao, wakilia kwa sababu karatasi iliyotoka katika mashini iliwaita wezi. Wala mkubwa hakuuliza kama karatasi ile ilisema kweli. Nilimjibu fratri juu ya mashini. Sikumjibu juu ya watu wanaoitumia kama shahidi. Makala haya ndiyo jibu langu la pili.

Sinema yenyewe yaitwa «Mr Bates vs The Post Office», maana yake Bwana Bates akishindana na Posta. Ilionyeshwa Uingereza katika televizyo ya ITV toka tarehe 1 mpaka tarehe 4 Januari 2024, kipande kimoja kila jioni, vipande vinne. Mwandishi wake ni mama Gwyneth Hughes, na mwongozi ni James Strong. Bwana Alan Bates anachezwa na Toby Jones. Mama Jo Hamilton anachezwa na Monica Dolan. Si hadisi ya kutungwa. Watu wengi tunaowaona ndani yake ni watu wa kweli na majina yao ya kweli. Wachache tu wamefanyizwa kwa kuunganisha maisha ya watu mbalimbali. Mimi niliitazama pamoja na padri mwenzangu aliyesoma kule, akinifasiria fasi ambapo Kiingereza kilinishinda.

Kwanza tujue jambo lenyewe

Katika vijiji vya Uingereza posta si nyumba kubwa ya serikali kama tulivyozoea kuiona mjini. Mara nyingi ni meza moja tu ndani ya duka. Mwenye duka ameinunua fasi ile kwa feza yake, na kwa mapatano na Posta anauzisha tembre, anapokea mandati, anawalipa wazee pansioni yao. Kwa mzee anayekaa peke yake, huyo ndiye mtu wa kwanza wa kuulizana habari naye asubuhi. Watu wanamwamini, kama watu wetu wanavyomwamini katekista wa kijiji.

Zamani mwenye posta aliandika hesabu yake kwa kalamu. Toka mwaka 1999 Posta ilileta ordinateri zenye programu iitwayo Horizon. Ilitengenezwa na sosyete ICL ya Uingereza, iliyokuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Kila tembre iliyouzwa na kila pauni iliyolipwa iliandikwa ndani ya mashini, na habari ikaenda kwa waya mpaka kwenye ordinateri kubwa za sosyete, mbali na kijiji. Mwisho wa hesabu mashini ilimwambia mwenye posta: ndani ya sanduku lako panapashwa kuwa feza kadha wa kadha. Naye akihesabu, akaona zimepunguka. Hakuiba, hakupoteza, lakini mashini imekwisha kusema.

Mapatano yake na Posta yalimpasa kulipa upungufu uliotoka katika uzembe wake au kosa lake. Posta iliyafasiri maneno hayo kana kwamba kila upungufu ni kosa la mwenye posta. Basi watu walilipa kwa akiba yao, kwa kuweka nyumba rehani, kwa kukopa kwa wazazi. Aliyeshindwa kulipa aliweza kushitakiwa. Na kule Posta ilikuwa na wapelelezi wake yenyewe, tena iliweza kumpeleka mtu tribinalini yenyewe. Mwenye kudai, mwenye kupeleleza na mwenye kushitaki, wote watatu walikuwa wa nyumba moja. Toka mwaka 1999 mpaka mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa katika ufalme wote, na kama 700 kati yao walishitakiwa na Posta yenyewe. Hili ndilo kosa kubwa kupita yote ya hukumu yaliyopata kujulikana katika nchi ile.

Mambo ambayo sinema imeyafanya vizuri

Sifa ya kwanza: sinema haituonyeshi sana mashini; yatuonyesha uso wa mtu anayeitazama mashini. Kuna fasi moja ambayo sitaisahau. Mama Jo Hamilton, mwenye duka katika kijiji cha South Warnborough, anaona upungufu. Anapiga telefoni kwa watu waliowekwa na Posta ili kusaidia. Mtu wa upande wa pili anamwambia: bonyeza hapa, kiisha pale. Mama anatii kama mtoto wa shule. Na mbele ya macho yake upungufu unazidi mara mbili. Yeye hasemi neno kubwa. Anatazama tu, na sisi tunaona mtu mwema akianza kutilia mashaka akili yake mwenyewe. Monica Dolan anayacheza hayo bila makelele. Katika somo letu la morali twasema kwamba kumsingizia mtu ni kumwibia jina lake. Hapa nimeona jambo baya zaidi: mtu anaibiwa hata hakika aliyo nayo juu ya matendo yake mwenyewe.

Sifa ya pili: sinema imeelewa nguvu ya neno dogo, «wewe peke yako». Kila aliyepiga telefoni kuomba msaada aliambiwa kwamba wengine wote hawana matata. Mtu akiambiwa hivyo, afanye nini? Anafunga mlango, anawaficha watoto, anaona haya kwenda kanisani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nao waliowatenganisha watu hao walijua vizuri neno hilo, wajapokuwa Waingereza. Ndiyo sababu fasi nzuri kupita zote katika sinema ni mkutano wa kwanza, mwaka 2009, katika nyumba ya mikutano ya kijiji kiitwacho Fenny Compton. Bates amewaita watu wafike, naye hajui kama hata mmoja atakuja. Wanaingia mmoja mmoja, wenye haya, wakitazamana. Kila mmoja anasikia mwenzake akieleza shauri lake mwenyewe. Kumbe hawakuwa peke yao! Sinema ingaliishia pale, ingalitosha kutufundisha.

Sifa ya tatu: Bates hakufanywa mtakatifu wala shujaa wa vita. Toby Jones anamcheza kama mtu mkavu kidogo, mwenye kuandika barua, mwenye kutunza karatasi zake zote. Alianza kazi yake mwaka 1998 huko Llandudno, katika Wales. Mwaka 2003 Posta ilimwondoa, maana alikataa kulipa deni ambalo hakulitambua. Toka siku ile alishika jambo lake miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2019 yeye na wenzake, jumla watu 555, walishinda katika tribinali kubwa ya London. Mwamuzi Fraser aliandika kwamba kushikilia ukamilifu wa mashini ile mbele ya ushuhuda wote ni sawa na kushikilia kwamba dunia ni bapa. Posta ilikubali kulipa pauni milioni 57 na zaidi, lakini sehemu kubwa ilimalizika kwa kuwalipa avoka na wale waliokopesha feza ya shauri. Saburi ya namna hii hatuioni mara nyingi katika sinema, ambamo mambo yote hutengenezwa kwa bunduki katika dakika tano za mwisho.

Tena tuhesabu na matunda. Mambo haya hayakuwa siri: gazeti moja la mambo ya ordinateri, Computer Weekly, lilikuwa limeyaandika toka Mei 2009. Mwaka 2021 tribinali ya rufani ilifuta hukumu za watu 39 siku moja, Jo Hamilton akiwa mmoja wao. Lakini taifa zima halikustuka mpaka sinema hii ilipotokea. Kiisha siku chache watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi kuomba mkubwa wa zamani wa Posta anyang'anywe nishani yake. Tarehe 24 Mei 2024 ilitoka sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla. Maelfu ya karatasi za waamuzi hayakufanya kazi iliyofanywa na jioni nne za televizyo. Sisi wahubiri tulitie moyoni: watu hawaguswi na hesabu ya watu 900, waguswa na mama mmoja anayetazama kioo cha mashini.

Mambo yaliyopungua

Sasa niseme pia yasiyonipendeza, maana kusifu tu si kazi ya mwenye kupima.

La kwanza. Sinema inakusanya ubaya wote katika nyuso chache, na zaidi katika uso wa mama Paula Vennells, aliyekuwa mkubwa wa Posta toka 2012 mpaka 2019. Mama huyo alikuwa pia mhudumu aliyewekewa mikono katika Eklezya ya Waanglikana, na sinema haifichi jambo hilo. Mbele ya wapelelezi wa serikali, Mei 2024, aliomba masamaha akilia. Simtetei; maswali aliyoulizwa yalikuwa ya haki. Lakini mashitaka mengi yalifanywa kabla yeye hajawa mkubwa. Mtazamaji akizima televizyo yake huku akimchukia mwanamke mmoja, amepona upesi mno. Wakaguzi, avoka, makarani wa telefoni, wakubwa wa kila daraja, waamuzi waliotia sahihi: wengi kati yao walikuwa watu wa kawaida waliofanya kazi yao ya kila siku. Zambi ya namna hii haina mwenyewe mmoja. Imegawanywa vipande vidogo, na kila mmoja anaona kwamba kipande chake ni chepesi, hakiwezi kumuua mtu.

Na sisi mapadri tuliosikia kwamba mkubwa yule alikuwa mtu wa altare, tusijifurahishe kwa kuwa hakuwa wa Eklezya yetu. Afazali tujiulize: mtu anawezaje kusali asubuhi kwa moyo, kiisha kuketi mezani na kusoma jina la mtu mnyonge kama namba tu? Jibu halipatikani mbali. Sisi nasi tuna meza.

La pili. Watengenezaji wa mashini twawaona kidogo tu. Kuna fasi moja yenye nguvu: mwaka 2008 Bwana Michael Rudkin, mjumbe wa wenye posta, anafika nyumba ya Fujitsu katika mji wa Bracknell, na huko anaonyeshwa kwamba watu wa sosyete waweza kuingia toka mbali katika hesabu za posta ya kijiji na kuzibadili. Na Posta ilikuwa ikisema siku zote kwamba jambo hilo haliwezekani! Hapo ndipo moyo wa shauri ulipo. Kama mtu mwingine aweza kutia mkono katika sanduku langu bila mimi kujua, kwa haki gani nadaiwa mimi peke yangu? Sinema yapita upesi. Ningependa kukaa zaidi katika chumba kile, na kumwona mfanyakazi mmoja anayejua kwamba programu ina makosa, naye anarudi nyumbani jioni kula na watoto wake. Huyo ndiye atakayefanana na wengi wa wanafunzi wetu wanaosoma mambo ya ordinateri leo huko Lubumbashi, Bukavu na Goma. Nani atafundisha zamiri yake?

La tatu, nalo ni kubwa zaidi. Sinema haikuipa sheria fasi yake. Zamani, kwa sheria ya mwaka 1984, mtu aliyeleta karatasi ya ordinateri mbele ya tribinali ya Uingereza alipashwa kuonyesha kwanza kwamba mashini ilikuwa ikitumika sawasawa. Watu wakaona mzigo huo ni mzito mno. Sheria ya mwaka 1999 ikauondoa. Toka hapo mashini ilihesabiwa kuwa nzima mpaka mtu aonyeshe kinyume. Lakini mwenye duka wa kijiji aonyesheje kinyume? Hakuwa na programu, hakuwa na funguo, hakupewa habari zilizofungwa katika nyumba ya sosyete. Bwana Lee Castleton wa Bridlington alijaribu kujitetea mwenyewe mbele ya mwamuzi, bila avoka. Deni lilikuwa karibu pauni 26,000; alishindwa, akatwikwa garama za shauri zaidi ya pauni 300,000, akafilisika. Tazameni mwaka: sheria hiyo ilitungwa mwaka 1999, na Horizon ililetwa mwaka uleule. Wasioambiwa hayo watazani kwamba jambo lote ni ukali wa watu fulani. Kumbe mlango ulikuwa umefunguliwa na watu wema, wenye kutaka tu kupunguza kazi za tribinali.

Hapo nakumbuka habari ya Susana katika kitabu cha nabii Danieli, sura ya 13. Wazee wawili wanamshitaki mwanamke asiye na kosa, na watu wote wanasadiki mara moja. Kwa nini? Kwa sababu hao ni wazee, tena ni waamuzi. Kijana Danieli hakuanza kwa kumsifu Susana. Aliwatenga mashahidi, akamwuliza kila mmoja: chini ya mti gani? Ndiyo kazi yote ya haki, ndugu wasomaji: kumwuliza shahidi mkubwa swali dogo. Huko Uingereza mashini ilipewa kiti cha mzee, na katika miaka mingi hakuna aliyeiuliza chini ya mti gani.

Shauri la zamiri

Nitoe sasa shauri moja kwa ajili ya mafratri, maana naona litawasumbua kama lilivyonisumbua.

Mwenye posta alipoona upungufu hakuweza kuendelea na kazi kesho yake bila kukubali hesabu ya mashini. Ama alipe, ama aandike kwamba feza iko, hali haiko. Wengi waliandika kwamba iko, wakitumaini kwamba kosa litajitengeneza. Jo Hamilton alifanya hivyo. Posta ilimdai zaidi ya pauni 36,000 na kumshitaki wizi. Mwisho, mwaka 2008, shitaka la wizi liliondolewa, naye akakubali shitaka la kuandika hesabu zisizo za kweli. Lakini alipashwa kulipa feza yote na kutolaumu mashini. Watu wa kijiji chake walichanga feza ili asifungwe. Je, mama huyo alitenda zambi alipotia sahihi?

Wengine watasema: sahihi ni neno, na neno lisilo kweli ni uwongo, basi alikosa. Siwezi kukana kwamba alichoandika hakikuwa kweli. Lakini mwenye kuungamisha hapimi tendo kama mtu anayepima unga sokoni. Anauliza: alijua nini? aliogopa nini? alikuwa na njia gani nyingine? Mama huyo hakutaka kujipatia kitu cha mtu. Alisukumwa na woga mkubwa, tena akadanganywa kwamba ni yeye peke yake. Mimi naona kosa lake ni dogo, kama lipo. Na kosa la waliomfikisha pale ni kubwa. Maana kumlazimisha mtu kutia sahihi asiyoiamini, halafu kumshitaki kwa sababu ya sahihi ile, ni kumtegea mtego njiani na kumwazibu kwa kuanguka. Na kumpasa asiitaje mashini ni kumziba kinywa shahidi wa pekee aliyebaki.

Lipo tena swali la malipo. Mwalimu wetu wa morali alisema daima: aliyeiba mbuzi hasamehewi kwa machozi, arudishe mbuzi. Basi serikali ya Uingereza imeanza kurudisha feza. Lakini Bwana Noel Thomas, aliyeitumikia posta huko Anglesey miaka mingi, alifungwa mwaka 2006, na siku yake ya kutimiza miaka 60 ilimkuta gerezani. Nani atamrudishia siku ile? Upelelezi ulioongozwa na Sir Wyn Williams uliandika, Julai 2025, kwamba watu 13 au zaidi huenda walijiua kwa sababu ya mambo haya. Hakuna pauni inayofika kwao. Ndiyo sababu kukinga ni wajibu wa kwanza, na kulipa ni wajibu wa pili.

Na sisi je?

Msomaji atasema: Padri, hayo ni mambo ya Ulaya. La. Kando ya kila njia ya miji yetu, na hata vijijini, kijana ameketi chini ya mwavuli akipokea na kutoa feza kwa telefoni. Jioni telefoni inamwambia kiasi gani kinapashwa kuwa mfukoni. Yeye ni mwenye posta wetu. Na katika paroki nyingi vitabu vya zamani vinaanza kuandikwa upya katika ordinateri.

Nikubali hapa jambo moja langu mwenyewe. Nilipokuwa padri kijana, nilizitia zaka za mashirika yote ya paroki katika ordinateri. Mashini ikaonyesha kwamba katekista mmoja wa kijiji cha mbali hakuleta zaka ya miezi mitatu. Nikamwita. Alitoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Sikukitazama vema, nilimgeuzia kioo cha ordinateri ajionee. Akanyamaza. Akaenda, akauza mbuzi wake, akalipa. Kiisha majuma kadha niliona kwamba majina mawili yanayofanana yamechanganywa. Na aliyeyachanganya si mashini. Ni mimi, usiku mmoja wa usingizi. Kikaratasi chake kilikuwa na sahihi yangu.

Nilimrudishia feza yake, na niliona ni kazi rahisi. Lakini kijiji chote kilikuwa kimesikia kwamba katekista amekula zaka. Basi nilipashwa kwenda huko Siku ya Mungu, kusimama mbele ya wakristu, na kusema kwamba mwenye kosa ni padri. Kiisha Misa katekista alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Hakunilaumu. Alisema tu: «Padri, wewe ulikuwa na mashini, mimi nilikuwa na karatasi.»

Toka siku ile nashika mambo matatu, nami nawaachia wasomaji wapime.

Kwanza: mtu akikana yaliyoandikwa juu yake, tuchunguze kwanza maandiko, kiisha ndipo tumchunguze mtu. Mashini haioni haya ikiulizwa, mtu aumia.

Pili: anayeandika asiwe yuleyule anayehukumu. Kama mimi ninatunza hesabu, mwingine asikilize shauri. Posta ya Waingereza ilivunja kanuni hiyo, nami niliivunja katika chumba kimoja kidogo cha paroki.

Tatu: tusimwambie mtu kamwe kwamba yeye peke yake ana matata, kabla hatujawauliza wengine. Neno hilo ni jepesi kinywani, nalo lilifunga milango ya nyumba mia na mia.

Sinema hii ifaa kutazamwa na mafratri wa mwaka wa mwisho, na wakubwa wa paroki, na kila katekista anayetunza kitabu cha shirika. Asiyejua Kiingereza atafute wa kumfasiria, kama nilivyofanya mimi. Wasiitazame ili wachukie mashini. Mashini ni chombo, kama jembe, na hesabu iliyoandikwa vizuri yawakinga wanyonge pia. Waitazame ili waone namna watu wasiopenda uwongo walivyoweza kuushika uwongo miaka kumi na sita, kila mmoja akielekeza kidole kwenye kioo.

Fratri yule aliyeniuliza sasa ni shemasi. Nikimwona tena nitamwambia hivi: mashini haiwezi kusema uwongo. Lakini sisi twaweza kusema uwongo kwa kinywa chake, tena bila kufungua kinywa chetu. Ndiyo sababu amri ya nane yatuhusu siku ile tuliyonyamaza, vilevile kama siku ile tuliyosema.